Nafasi Tupu Kwenye Jina la Bwire

Nyangeta mwanangu,

Mambo ya kuchemsha maji, ya kukunja nguo, ya kutomfungulia mlango mtu usiyemjua, mama yako amekueleza wiki nzima mpaka umeanza kumkatiza. Mimi siyarudii. Nimekaa huku jikoni na koroboi kwa sababu sebuleni amelala Baba yako Mdogo Bwire, na ukiwasha taa pale anaamka. Amekuja jioni na baiskeli toka Mugango, kule ziwani, na gunia la sato wa moshi, amekufungia vizuri ili usinuke kwenye gari. Anasema asingeweza kulala kwake wakati mtoto wake anaondoka. Ulimsikia. Ulicheka, ukampokea gunia kwa mikono miwili, ukapiga goti kidogo kama mama yako alivyokufundisha.

Barua hii nitakupa dirishani, gari likishaanza kuondoka pale njia panda. Nilitaka kukupa kabla, nikaona hapana. Nataka umuage Bwire ukiwa na uso wako wa siku zote. Ukishajua nitakayoandika hapa, huo uso hutaupata tena ukiwa mbele yake. Mimi mwenyewe sijaupata, na mimi nina miaka mingi ya kujizoesha.

Najua utasema kwa nini nisiongee naye, nakuandikia wewe. Subiri. Nitafika hapo.

Mwezi uliopita ulirudi toka Musoma kwenye kozi yako ya kompyuta, ukanikuta namenya mihogo. Hukukaa hata chini. Ukaanza kunieleza kwamba sasa mmefundishwa kutengeneza kolamu ya masharti. Unaiambia mashine, kama hapa pameandikwa hivi, basi pale andika vile, na kama sivyo, andika kingine. Halafu unabonyeza mara moja, kolamu yote inajaa kuanzia juu mpaka chini. Ukasema, "Baba, watu elfu, kwa kufumba na kufumbua." Ukasema hiyo ndiyo kazi utakayoenda kufanya Mwanza, kwenye ile ofisi ya mradi, kutenganisha wanaostahili kusaidiwa na wasiostahili.

Mimi nikaendelea kumenya mihogo. Ukaniuliza kama nimeelewa. Nikakujibu, nimeelewa kidogo. Ukaona baba yako mtu wa zamani, ukanihurumia, ukachukua na wewe kisu ukanisaidia.

Nilikuwa nimeelewa yote. Niliifanyaga hiyo kolamu wewe ukiwa darasa la nne. Niliifanya pale Bunda, na kwa sababu yake huyu mtu anayekoroma sebuleni anavua kwa nyavu za watu wengine mpaka leo.

Ngoja nianze mbali, kwa sababu ukianzia kwenye kompyuta utafikiri kosa ni la kompyuta.

Miaka ile ya foleni wewe hujazaliwa. Mimi nilikuwa karani kijana kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, sisi tulikiita jinari. Madukani hakuna kitu. Sabuni ilikuwa inakuja kiwandani kwa zamu, na sukari, na mara moja moja khanga, tunagawiwa wafanyakazi. Kazi ya kutengeneza orodha ilikuwa yangu. Nilikuwa nachora mistari kwa rula: jina, idara, siku alizofanya kazi, halafu kolamu ya mwisho, apewe au asipewe. Sharti lilikuwa moja, awe amefanya kazi mwezi huo. Unaona ni kitu kile kile. Tofauti nilikuwa naandika kwa mkono, jina moja moja, na kila jina ilibidi nilisome.

Sasa kuna majina yalikuwa hayana kitu kwenye siku za kazi. Patupu tu. Mtu hajaandikwa yupo wala hajaandikwa hayupo. Pale nilikuwa naweka nukta kwa penseli, sijazi chochote. Jioni naenda kumtafuta huyo mtu nimuulize.

Bwire nilimjua kwa nukta. Nilikuta jina lake tupu mwezi mzima, nikaenda kumtafuta, nikamkuta chini ya mashine anabadilisha mkanda, miguu tu inaonekana. Nikamwambia wewe hujasaini tangu mwezi uanze. Akasema bila kutoka kule chini, "Iulize hii mashine kama hainijui." Nikacheka. Akatoka amejaa grisi na pamba kichwani kama mzee, akaniuliza mimi wa wapi. Nikasema wa Butiama. Akasema ndiyo maana, watu wa Butiama wamezoea kuhesabu ng'ombe, kila wakiona zizi wanafikiri kuna aliyepotea. Kumbe rejista ya kule mashineni ilikuwa imelowa mafuta, wakaitupa, hakuna aliyesema. Nikafuta nukta, nikaandika apewe.

Toka siku hiyo tukawa ndugu. Tulipanga nyumba moja pale Kabasa, uani pamoja, choo kimoja. Yeye alikuwa ananitania mimi kwa kuogopa maji, anasema mtu wa Butiama akioga lazima ashike mti asizame. Mimi namwambia watu wa ziwani hata ng'ombe mnamwogopa mkia. Wakati mama yako alipopelekwa hospitali Musoma kwa ajili ya mdogo wako ambaye hakukaa, wewe ulinyonya kwa mke wa Bwire, mama Nyasinde. Hilo mama yako amekuambia mara nyingi, lakini anavyokuambia anakuambia kama habari njema tu.

Basi, mambo yakabadilika. Ikaja ruksa, kila mtu akaruhusiwa kufanya biashara. Madukani vitu vikajaa, sabuni za kila rangi, na sisi tukawa hatuna cha kununulia. Wanunuzi binafsi wa pamba wakaanza kuzunguka vijijini na malori, wakulima wakawauzia, jinari ikaanza kukaa siku nyingi bila kunguruma. Tukaanza kusikia wakubwa wanataka kiwanda kijiendeshe. Halafu tukasikia watu watapunguzwa.

Kabla ya kupunguzwa ikaja kompyuta. Ilikuwa na kioo cheusi na maandishi ya kijani. Akaja nayo kijana mmoja mtaalamu toka Dar es Salaam, mpole, alikuwa anakunywa chai yetu bila kulalamika. Meneja akanichagua mimi nifundishwe. Mwanangu, sijawahi kufurahi vile. Nilikuwa na elimu ya darasa la saba na kozi ya ukarani tu, na wenzangu wa ofisini wenye vyeti wamesimama nyuma yangu wanaangalia vidole vyangu. Nikirudi nyumbani nilikuwa siongei kingine. Bwire akanipa jina, akawa ananiita Mkuu wa Kioo.

Hapo kuna jambo ambalo ukilisikia ni dogo sana. Msimu ule, wakati wa ununuzi, tuliwatoa baadhi ya mafundi wa jinari tukawapeleka vituoni wakasaidie kupima pamba. Aliyepanga nani aende wapi ni mimi. Bwire nilimpeleka Kisorya, nikajua atafurahi kwa sababu pale kuna pantoni ya kwenda Ukerewe na ana shangazi yake ng'ambo. Watu wa vituoni walikuwa wanasaini rejista ya kituo. Mwisho wa msimu mimi natakiwa nizifuate zile rejista, nizilete Bunda, niziingize kwenye hesabu yetu. Ilikuwa hivyo kila mwaka.

Lori la kwenda Kisorya liliondoka asubuhi moja, dereva akapiga honi nje ya ofisi. Nikamfanyia ishara aende. Yule mtaalamu alikuwa amebakiza muda kidogo, na asubuhi ile ndiyo alikuwa ananifundisha kitu kipya. Nilisema nitaenda siku nyingine. Barabara ya Kisorya ikaharibika na mvua. Sikwenda. Meneja aliponiuliza kama rejista zote zimeingia, nikamwambia zimeingia zote. Ni uongo wa kawaida wa ofisini. Wewe utausikia sana huko, na utausema.

Kile kitu kipya nilichokuwa nafundishwa asubuhi ile kilikuwa hiyo kolamu yako ya masharti.

Meneja akaja na masharti yake kwenye karatasi. Akasema watu wa ofisini wasiguswe, kwa hiyo swali la kwanza mashine iulize idara. Kama ni ofisi, andika abaki. Na hapa sikiliza, kwa sababu sijui kama walimu wako wamekuambia. Mashine inauliza kwa zamu. Aliyepita kwenye swali la kwanza haulizwi tena la pili. Kulikuwa na karani mwenzetu alikuwa anakuja ofisini mara moja moja kama mgeni. Akaandikiwa abaki. Mimi mwenyewe nikaandikiwa abaki, na hakuna swali lingine niliwahi kuulizwa. Waliobaki wote, mafundi, wabeba marobota, walinzi, wakaulizwa swali la pili, siku zako za kazi msimu huu ni chini ya kiwango? Kama ndiyo, andika apunguzwe. Kama sivyo, abaki.

Niliandika hiyo fomula mwenyewe. Nikabonyeza. Kolamu ikajaa. Yule mtaalamu akanipiga bega. Watu wa ofisini wakasema loo. Hakuna aliyesoma hata jina moja.

Mashine haijui kuweka nukta. Ikikuta patupu inasoma sifuri. Mtu ambaye hatujui kama alikuwepo, yeye inamwona hakuwepo kabisa, na sifuri ni chini ya kiwango chochote utakachoweka. Mimi sikuwa najua hilo siku ile. Ningekuwa naishia hapo, barua hii ningeweza kumpa hata Bwire mwenyewe asome.

Tulichapa orodha kwenye yale makaratasi marefu yenye matundu pembeni. Nilibaki peke yangu nayachana. Jicho likaenda kwenye jina la Bwire, unajua mtu ukiwa na orodha unatafuta watu wako. Nikaona apunguzwe. Nikarudi nyuma kuangalia siku zake, nikaona patupu. Palikuwa peupe kabisa, kama ukuta uliopakwa chokaa leo. Nikajua hapo hapo. Sikuhitaji kufikiri. Rejista ya Kisorya iko Kisorya, na aliyetakiwa kuileta ni mimi, na meneja nimeshamwambia imefika.

Na hakuwa peke yake. Wote niliowapeleka Kisorya msimu ule walikuwa watupu, wote wameandikiwa apunguzwe. Wale wengine sikuwa nimewazoea. Nakwambia ukweli, wale hawaninyimi usingizi kama Bwire, majina yao mengine nimesahau. Hilo nalo liweke kwenye makosa yangu, sijui uliweke wapi.

Nilikaa pale. Nilikuwa na muda wa kutosha. Ingekuwa kazi ndogo, kuingia kwa meneja na kumwambia mzee, nilidanganya, nipe lori niende Kisorya. Angenitukana. Labda angenipunguza na mimi. Labda asingenipunguza, kwa sababu alikuwa hajui hata kuiwasha ile mashine. Nilifikiria hayo yote. Nilifikiria na wewe, na ada yako, hilo nilifikiria sana, kwa sababu mtu akitaka kufanya ubaya anawakumbuka watoto wake haraka. Lakini ukweli wenyewe nilifikiria watu wa ofisini watasemaje. Kwamba Mkuu wa Kioo kakosea siku ya kwanza.

Nikaingia. Meneja alikuwa ameshika kalamu tayari. Akaniuliza, "Iko sawa?"

Nikasema, "Iko sawa."

Akasaini bila kufungua ukurasa wa pili.

Barua ziligawiwa getini wakati wa kutoka. Mimi nilipita mlango wa nyuma. Nilipofika Kabasa nikamkuta Bwire amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa pale uani, barua iko kwenye goti. Nyasinde alikuwa anaruka kamba na wewe. Hakuwa amekasirika. Ningeona afadhali angekasirika. Akaniambia kwa sauti ndogo ili watoto msisikie, "Karani, wewe uko kule ndani. Mimi nimekosa nini?"

Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi ya pili, na nilikuwa naijua wakati inapita. Nikamjibu, "Nimekutetea mpaka nimechoka. Wamekataa. Imetoka juu."

Akanishika mkono. Akanishukuru.

Unaelewa sasa hao samaki. Kila mwaka toka wakati ule amekuwa akileta samaki nyumbani kwetu, sato, furu, mwaka mwingine kamongo mkubwa mpaka mama yako akakataa kumpika. Ulikuwa unafikiri ni undugu tu. Ni undugu, lakini yeye anaambiaga watu kule Mugango kwamba nina rafiki yangu aliyehatarisha kazi yake kwa ajili yangu. Nimewahi kumsikia akisema hivyo msibani, mbele ya watu, na wazee wakanigeukia wakainamisha kichwa kwa heshima. Nikainamisha na mimi.

Alirudi Mugango akiwa hana mtumbwi wala nyavu. Miaka yote alikuwa fundi wa mikanda na shafti, uvuvi alikuwa ameuacha akiwa mtoto. Akaanza kuvulia watu. Wenye viwanda vya minofu walipoanza kuleta magari ya barafu mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, sangara wote wakawa wanapanda gari, na wao wanaovua wanabaki na vichwa na mifupa. Mama Nyasinde aliugua kifua mpaka akafa, wewe ukaenda mazishini na mama yako. Mimi nilisema nina kazi.

Na Nyasinde. Uliniuliza mara ngapi kwa nini Nyasinde aliacha shule? Yule ndiye alikuwa anakushinda hesabu, ulikuwa unalia ukirudi na matokeo. Nilikujibu watu wa ziwani hawapendi shule. Ulikuwa mdogo, ukalichukua hivyo, na nimekusikia ukiwa mkubwa unamwambia mwenzako maneno hayo hayo, watu wa ziwani hawapendi shule. Niliyasikia nikiwa nje nachanja kuni. Sikuingia kukusahihisha. Saa hizi Nyasinde anakaanga samaki pale Kisorya kwenye pantoni. Kisorya hiyo hiyo. Nilipita pale mara moja, akaniamkia shikamoo baba, akanifungia samaki kwenye gazeti, akakataa nimlipe.

Kama unafikiri mimi nilipata kitu, sikupata. Kiwanda kikauzwa. Aliyenunua akaja na watu wake, akaniuliza unajua nini, nikasema najua kompyuta, akasema kompyuta nitapeleka Mwanza. Wakaibeba kwenye pikapu wameifunika na turubai, na mimi ndiye niliyewasaidia kufunga kamba. Nikarudi huku Butiama kwenye mihogo ya baba yangu. Yule karani mwenzetu aliyekuwa anakuja kazini kama mgeni alipata kazi nzuri Musoma. Sikuambii hivyo ili ucheke. Nimejaribu miaka yote kutafuta mahali ambapo hili jambo lilirudi likawa sawa, sijapaona.

Nilirudi Bunda mara moja, jinari ikiwa imefungwa. Nikamwomba mlinzi aniruhusu kuingia ofisini, nikasema natafuta cheti changu. Nilikuwa nataka ile orodha. Sijui ningeifanyia nini. Chumba kilikuwa na popo na kiti kimoja. Mlinzi akaniuliza, umepata? Nikasema nimepata.

Sasa wewe unaenda kuketi kwenye kiti kama kile. Nimejiuliza nikuambie nini cha kukusaidia, na sina imani kama kuna kitu. Nitakuambia tu. Utakapokuta patupu, usiiachie mashine. Weka kolamu nyingine pembeni kabla ya hizo zako za masharti, andika hawa sijui. Halafu nenda ukawatafute. Wakubwa wako watakuambia muda hakuna, na watakuwa wanasema kweli, muda hautakuwepo. Utafanya mara ya kwanza, na ya pili. Baadaye utachoka, utaona wengine hawafanyi na mshahara wao ni ule ule. Siwezi kukudanganya kwamba hutachoka. Mimi nilikuwa na penseli, na nilikuwa naijua nukta, na nilikuwa naujua uso wa mtu mwenyewe, tena mtoto wangu alinyonya kwa mke wake. Kama vyote hivyo havikunizuia, sijui wewe kitakuzuia nini, na majina utakayopewa ni ya watu wa mikoa ambayo hujawahi kufika.

Na ukija kukosea, maana utakosea, kosa lenyewe litakuwa dogo. Litakuwa bado kwenye karatasi. Utakuwa na muda kidogo kabla mtu hajakuuliza iko sawa. Mimi maisha yangu yote yako pale, kwenye ule muda kidogo, nasimama mlangoni kwa meneja na yale makaratasi. Nimezeeka nikiwa pale.

Hapa niliacha kalamu, nikatoka. Nilisema nitafika kwenye swali lako, kwa nini nisimwambie.

Wakati naandika hayo ya mlangoni kwa meneja nilisikia Bwire anakohoa, halafu hakoromi tena, nikajua ameamka. Nikasema moyoni, basi ni leo. Mtoto anaondoka, hakuna atakayeaibika ila mimi. Nikachukua koroboi nikaenda. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni, la kwanza lilikuwa Kisorya.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka anajikuna mgongo. Akasema, "Karani, bado hujalala? Unahesabu ng'ombe?"

Nikamwambia, "Bwire."

Akasema, "Naam."

Nikasimama. Yule mtu alikuwa ananiangalia, amechangamka, anasubiri kama mtu anayesubiri kuambiwa chai iko tayari. Miguu yake imepasuka na maji. Nikamwambia, "Namwandikia mtoto."

"Ah. Vizuri. Mwandikie na salamu zangu. Mwambie Baba Mdogo amesema aangalie sana, huko mjini watu hawana wa kuwatetea kama sisi tulivyokuwa nao." Akajilaza, akajifunika shuka. Baada ya kidogo akasema tena, yuko ndani ya shuka, "Usisahau kuandika."

Nimerudi jikoni. Mafuta ya koroboi yanaisha na jogoo wa jirani ameshaanza. Bado kitambo utaamka, mama yako atawasha moto hapa nilipokaa, na Bwire atafunga sanduku lako kwenye baiskeli yake, hatakubali mimi nibebe. Njiani atakutania na wewe utacheka. Gari litakuja. Nitakupa hii karatasi dirishani na wewe utafikiri ni baraka za baba.

Wakati unasoma hapa, mimi na yeye tutakuwa njiani tunarudi nyumbani, yeye anakokota baiskeli, anaongea habari zako. Gunia la samaki liko miguuni kwako. Kula, mwanangu, usiwatupe. Yeye amewakausha kwa ajili yako.

Baba Mdogo Bwire anakusalimia sana. Ameniambia nisisahau kuandika.

Baba yako.